Mtera: ndege hujaa maji yakipungua, au ni msimu tu?

#1 Mpitanjia

Habari wadau. Naweka hoja mbishane nayo: anayetaka kuona ndege Bwawa la Mtera asiende likiwa limejaa. Aende maji yamerudi nyuma, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea.

Barabara ya Dodoma–Iringa naipita misimu yote kwa shughuli zangu. Aprili maji yamepanda hadi kwenye vichaka, bwawa linavutia macho kuliko wakati wowote, lakini ndege unawatafuta. Minandi juu ya miti mikavu, furukombe mmoja anapiga kelele kwa mbali, basi. Oktoba sasa, palepale, tope limeachwa wazi na korongo wenye mdomo wa njano wamejipanga kwenye maji ya kifundoni. Mdomo umefunguliwa nusu, umezamishwa, na mguu mmoja unatibua tope polepole. Samaki akigusa tu, mdomo umefumba. Wala hawaangalii chini, wanawinda kwa kupapasa. Pembeni yao kulastara, kwarara, bata bukini na vitwitwi, wale ndege wadogo wa kandokando ya maji, wasio na idadi.

Wenzangu mmeona hivyo? Na sababu ni maji kushuka, au kuna jambo jingine?

#2 Darubini Mkononi

Hoja nzuri, ila umefunga mambo mawili kwenye kamba moja. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wamekwisha tua kwetu. Hao vitwitwi wengi wao si wenyeji. Huanza kuingia Agosti, wanashinda nasi hadi Machi na Aprili, kisha wanarudi kaskazini kuzaa. Kwa hiyo Aprili yako ya maji mengi ni mwezi wao wa kuondoka, na Oktoba yako ya tope wamekwisha jaa. Hapo hujathibitisha kwamba ni maji.

Nenda Julai. Maji yameanza kushuka na wageni hawajafika. Utuambie unaona nini.

#3 Kijana wa Migoli

Julai nipo huku kila mwaka, wacha nijibu mimi. Korongo wa mdomo wa njano wapo, kulastara wapo, kwarara wapo, na wale bata wenye uso mweupe wanaopiga mluzi wanapita alfajiri makundi kwa makundi. Vitwitwi ndio hawaonekani. Yule mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu ya waridi ni mkazi, huyo utamkuta siku zote. Kwa hiyo kila mmoja wenu ana nusu yake.

Lakini mmeacha kitu ambacho sisi wa hapa tunakiona kwa macho: mitumbwi. Maji yakijaa, perege wanaingia kwenye majani na vichaka vilivyozama, na mvuvi anawafuata hukohuko kandokando. Ndege naye alitaka kusimama hapohapo. Nyavu zinategwa, watu wanapiga maji kuswaga samaki, ndege gani atatulia? Maji yakirudi nyuma, kati ya kijiji na bwawa panabaki tope refu. Mtumbwi hauburuziki juu ya tope, unazama hadi magotini. Mvuvi anahamia penye kina, ndege anabaki na ukingo wake peke yake.

#4 Tembo Mpole

Mnazunguka tu. Lile bwawa lilijengwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya pale Mtera, kwa hiyo maji yanashushwa kwa mahitaji ya umeme. Ndege wanafuata ratiba ya mitambo, si ya mvua wala ya Ulaya.

#5 Fundi wa Kidatu

Tembo Mpole, rekebisha kidogo. Bwawa lilikamilika 1980 likiwa ghala la maji ya Kidatu, ambako kuna mitambo ya megawati 204 chini zaidi kwenye mto huohuo wa Ruaha Mkuu. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza kazi 1988. Kwa miaka yote hiyo ya mwanzo Mtera ilikuwa inatunza maji tu na kuyaachia.

Kwenye uzi huu nadhani tarakimu zitasaidia kuliko ubishi. Usawa wa juu wa maji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Usawa wa chini wa kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5 tu. Sasa angalieni bonde lilivyo tambarare: likijaa, bwawa linafunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Maji yakishuka mita moja kwenye ardhi ya namna hiyo, ukingo haurudi hatua kumi, unarudi mbali hadi unaupoteza machoni.

Mpitanjia, ulisema "palepale". Palepale ni kwako wewe barabarani. Ndege hana habari na barabara, anafuata ukingo wa maji mafupi. Bwawa likijaa, maji mafupi yako kule magharibi, Kisigo na Ruaha zinakoingilia, ambako mtu wa gari dogo hafiki. Mimi naamini ndege hawapungui. Wewe ndiye unabaki nyuma.

#6 Mpitanjia

Asante Fundi kwa tarakimu. Lakini mbona zinanipa nguvu mimi? Nimesema anayetaka *kuona* ndege. Msafiri mwenye darubini na siku moja anataka ndege walipo karibu naye. Kama Aprili wako kilomita nyingi magharibi, kwake ni sawa na hawapo.

Swali la sababu bado naliacha wazi. Kijana wa Migoli amenigusa na ile ya mitumbwi.

#7 Bi Kwarara

Habari za leo. Mimi nilipita na wanafunzi wangu, tukaona heroe kundi zima, waridi kabisa, upande wa mashariki karibu na barabara. Hakuna aliyewataja hapo juu. Je, heroe nao wanafuata maji kupungua?

#8 Darubini Mkononi

Bi Kwarara, una picha? Nauliza kwa nia njema kabisa. Heroe kwa kawaida ni ndege wa maziwa ya magadi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana Ziwa Natron, na chakula chao ni mwani wa maji ya magadi. Mtera ni maji baridi. Siwezi kusema haiwezekani kabisa, heroe huzurura. Ila yule korongo wa mdomo wa njano akiwa kwenye msimu wa kuzaa, manyoya ya mgongoni na mabawani hupata rangi ya waridi, na jua la jioni likimpiga anawaka. Domomwiko naye ana uso na miguu myekundu.

Angalia mdomo. Heroe mdomo wake umepinda kuelekea chini katikati. Korongo, mrefu wa njano. Domomwiko, bapa mwishoni.

#9 Bi Kwarara

Picha ziko kwenye simu ya mwenzangu, nitaomba. Uso mwekundu ninaukumbuka, mdomo sikuuangalia sana kwa sababu watoto walikuwa wanapiga makelele ya furaha.

#10 Mkulima Izazi

Mwalimu, kama watoto walikuwa wanapiga makelele na ndege hawakuruka, basi hao ni ndege waliozoea shule 😄

#11 Mzee Kisigo

Salamu kwenu wote. Nimesoma kuanzia juu. Naongeza ya zamani kwa sababu wengi wenu ni vijana.

Ile miti mikavu mnayopiga picha ilikuwa miti hai. Mibuyu, migunga, msitu kamili. Maji yalipopanda ikafa imesimama. Mwanzoni kila mti ulikuwa na matawi yake yote, na minandi, mbizi na kulastara walijenga viota juu yake, tawi kwa tawi, hadi magogo yakawa meupe kwa kinyesi. Mti uliosimama ndani ya maji ni salama: nyoka, kenge na binadamu hawaufikii kirahisi. Ndege wa majini hahitaji chakula peke yake, anahitaji pa kulala na pa kulea.

Miti hiyo inakwisha. Sehemu iliyo ndani ya maji muda wote haiozi haraka, na ya juu kabisa hukauka ikawa ngumu. Panapooza ni pale katikati, maji yanapopanda na kushuka, leo mbichi kesho kavu. Hapo unakatika. Na ikianguka maji yakiwa chini, watu wanaichukua kuni za kukausha samaki. Siwalaumu, kuni zenyewe ziko wapi siku hizi. Lakini mkitaka kujua kwa nini Aprili hamwoni ndege wengi, hesabuni miti iliyobaki, si maji. Zamani Aprili walikuwa juu ya miti hiyo wamejaa.

#12 Ruaha Mdogo

Shikamoo Mzee Kisigo. Hili la mti kuoza kwenye mstari wa maji sikuwahi kulisikia likielezwa hivyo, na ni kweli, ukipita karibu unaona kiuno cha mti kimeliwa.

Mimi nina maelezo mengine. Tazameni mto wote, msitazame bwawa peke yake. Juu ya Mtera, mto unakotokea, kuna bonde la Usangu, na ardhioevu ya Ihefu. Masika yale maji yanatanda eneo kubwa sana, chakula tele, ndege wametawanyika huko. Kiangazi Ihefu inasinyaa. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha karibu kila kiangazi, yanabaki madimbwi yaliyojaa viboko. Ndege wa majini anaenda wapi? Anafuata maji makubwa ya karibu, ambayo ni Mtera. Kwa hiyo kuongezeka kwa ndege Oktoba kunaweza kuwa dalili ya shida huko juu, si neema ya hapa chini.

#13 Tembo Mpole

Hapo Ruaha Mdogo umesema la maana. Halafu watu wanashangilia "ndege wengi, ndege wengi".

#14 Fundi wa Kidatu

Ruaha Mdogo, nakubali mto hukauka hifadhini, hilo linajulikana. Ila maji ya Mtera hayatoki Ruaha Mkuu peke yake. Kuna Ruaha Mdogo (jina lako hilo) unaotoka Iringa, na kuna Kisigo kutoka magharibi. Kisigo ni mto wa msimu, ukija unakuja kwa fujo. Mwaka 1998, mvua za El Nino, bwawa lilijaa hadi likamwaga. Na kuna miaka lilishuka chini ya mita 690, kama 2006 ambapo nchi nzima ilikaa na mgao wa umeme. Mwenye kumbukumbu ya ndege wa miaka hiyo miwili atusaidie, maana ndiyo ncha mbili za ubishi huu.

#15 Mzee Kisigo

2006 tope lilikuwa jingi mno. Ndege walikuja kwanza kwa wingi, kongoti hasa, wakila samaki walionasa kwenye vidimbwi. Kisha vidimbwi vikakauka, tope likapasuka likawa gumu, wakatoweka. Hapo Mpitanjia hoja yako ina mpaka: maji kushuka ni heri, tope kukauka si heri. Anachofuata ndege ni ule ubichi wa katikati.

1998 siwezi kusema, hakuna aliyekuwa na muda wa ndege mwaka ule.

#16 Mwanatana

Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi hutembelea Masinga, bwawa la Mto Tana lililokamilika 1981, na huko nimeona kinyume cha Mpitanjia. Maji yanapoanza *kupanda* juu ya nyasi kavu ndipo bata huja. Nyasi inazama, wadudu wanatoka mashimoni, mbegu zinaelea, karamu. Wiki chache tu, halafu basi. Maji yakishatulia juu, kimya.

Pengine Mtera pia ina wakati huo mfupi, ila hamjaupata kwa sababu mvua zikianza hakuna anayetoka.

#17 Kijana wa Migoli

Mwanatana, upo huo wakati. Disemba au Januari inategemea mvua. Ila siku hizo bata hawakai sana, kwa sababu mvua hiyohiyo inajaza vidimbwi vyote vya porini na mashamba ya mpunga. Bata akiwa na kidimbwi chake tulivu huko, aje kugombania bwawa na sisi kwa nini?

#18 Mkulima Izazi

Mpunga wangu anaujua vizuri huyo bata. Wala msimtafute bwawani, njooni shambani kwangu bure kabisa.

#19 Darubini Mkononi

Naona sasa tuna tope, wageni wa kaskazini, mitumbwi, ukingo kuhama, miti kwisha, Ihefu kusinyaa na nyasi kuzama. Kila aina ya ndege ina sababu yake, ndiyo maana hatukubaliani. Korongo domo wazi, yule ambaye mdomo wake ukifumba bado unabaki mwanya katikati, chakula chake ni konokono wa majini. Maji yakirudi konokono wanabaki wazi, ataenda huko hata kama wageni hawajaja na mitumbwi imejaa. Mnandi anapiga mbizi, tope halimsaidii kitu, yeye anataka kina na mti wa kukaushia mabawa. Furukombe anataka mti mrefu na samaki walio karibu na uso wa maji. Tukisema "ndege" kwa ujumla tutabishana hadi mwakani.

#20 Mama Cherero

Na mnasahau wa nchi kavu! Mimi Mtera naenda kwa ajili yao. Cherero, wale kasuku wadogo wenye kola ya manjano, kwenzi wa rangi ya majivu, wote hao kwa asili ni wa Tanzania tu. Na hondohondo wa Ruaha, ambaye alielezwa kisayansi kama spishi ya pekee mwaka 2001. Egesha gari kwenye mibuyu kabla jua halijawa kali, kaa kimya. Cherero wanaingia na kutoka kwenye matundu ya mbuyu wawiliwawili, jike na dume hawaachani. Mgeni anavuka Afrika nzima kuwaona, sisi tunapita kwa basi tumelala.

#21 Tembo Mpole

Mama Cherero ametutoa majini, ametuingiza porini 😀 Lakini asante, hondohondo huyo sikumjua.

#22 Binti Mpwapwa

Nimefurahia uzi. Mimi ni mgeni kabisa kwa mambo haya, nataka kwenda na mdogo wangu. Tuanzie wapi, tubebe nini, na je ni salama kusogea majini?

#23 Kijana wa Migoli

Karibu dada. Kusogea majini hapana. Viboko wapo na mamba wapo, na kwenye majani marefu huwezi kujua. Kiboko hupanda kula nyasi usiku, kwa hiyo usikae kwenye njia zake alfajiri kabla hapajapambazuka vizuri. Utazijua: ni kama mfereji uliochimbwa kutoka majini kuingia nyasini. Usitie miguu majini hata pakiwa pafupi, kuna kichocho pia.

Tafuta mwenyeji wa kijiji kabla ya kushuka ukingoni, upite kwa uongozi wa kijiji kama ilivyo adabu. Pale kwenye ukuta wa bwawa barabara inapopita usisimame kupiga picha bila kuwauliza walinzi. Ni eneo la mitambo.

#24 Darubini Mkononi

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha kuanzia. Ya kukuza zaidi ya hapo mkono unatikisika, na ndege anaruka kabla hujampata. Fika asubuhi. Ukiwa upande wa barabara bwawa limelala magharibi yako, kwa hiyo jua la asubuhi liko mgongoni na kila rangi unaiona ilivyo. Jioni jua linakuingia machoni na ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi. Mchana upepo unachafua maji, vitwitwi wanalala kwa mguu mmoja na huna cha kuona.

Vaa rangi zilizofifia. Mdogo wako mpe kazi ya kuandika majina na idadi, atakaa kimya.

#25 Mpitanjia

Nashukuru wote. Napendekeza kitu. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika Januari, mara moja kwa mwaka, kwa hiyo haiwezi kutujibu kuhusu Aprili na Oktoba. Tukubaliane sehemu chache zisizobadilika, anayepita ahesabu saa moja asubuhi, aandike usawa wa maji wa wiki hiyo, aweke eBird, ule mtandao wa kuhifadhi kumbukumbu za ndege. Baada ya misimu kadhaa tutakuwa na kitu cha kushika.

#26 Fundi wa Kidatu

"Sehemu zisizobadilika" ndiyo shida niliyoisema #5. Sehemu ikikaa, ukingo unahama. Utakuwa unapima umbali wako na maji, si wingi wa ndege. Hesabu ifuate ukingo.

#27 Mpitanjia

Ukingo wa bwawa la kilomita za mraba 600 nitaufuata na nini?

#28 Kijana wa Migoli

Mtumbwi upo. Wa shemeji yangu, anakaa nao Migoli. Ila yeye anasema tukihesabu, tuhesabu na nyavu pia, maana anataka kuona kama ninyi mtaandika hivyo.

#29 Ruaha Mdogo

Nyavu ziandikwe, na siku mto unapokatika hifadhini iandikwe pembeni. Tarehe hiyo naweza kuipata mimi kila mwaka.

#30 Mzee Kisigo

Na miti. Anzeni na miti, hiyo haiwasubiri.

#31 Bi Kwarara

Nimepata picha. Mdomo bapa mwishoni, uso mwekundu. Domomwiko. Lakini nyuma yao kuna wengine watatu warefu, mdomo hauonekani, na ni waridi. Naweka hapa chini, Darubini tazama.

#32 Darubini Mkononi

Nimetazama. Wale wa nyuma siwezi kuwasema kwa picha hii. Una nyingine iliyo karibu zaidi?